Nani kasogeza jiwe?

*Waingereza husema mtu "amehamisha magoli". Kisangani watoto huyahamisha kweli, na wakubwa wao hufanya hivyo kwa karatasi.*

Saa kumi jioni, jua linapoanza kulegea, viwanja vya Mangobo, hapa Kisangani, hujaa watoto. Hakuna milingoti, hakuna nyavu. Goli ni mawe mawili, au jiwe moja na kandambili, au shati la mtu ambaye akifika nyumbani ataulizwa limechafukaje.

Mtazame kipa, usitazame mpira. Wenzake wote wamekimbilia upande wa pili na vumbi limewafuata. Yeye amebaki peke yake, mikono kiunoni, macho mbali, mtu mwema kabisa. Kinachofanya kazi ni kisigino cha mguu wa kulia. Kinalisukuma jiwe ndani kidogo. Kinapumzika. Kinasukuma tena.

Mpira unaporudi, goli la hatua sita limekuwa la hatua tano. Shuti linapita pale pale ambapo robo saa iliyopita lingekuwa bao. "Nje!" kipa anapiga kelele, na kwa namna fulani hasemi uongo. Kwa mawe yalivyolala sasa, ni nje.

Mpigaji anashika kichwa. Anajua kuna kitu kimefanyika, ila hawezi kukionyesha. Vumbi limefuta alama.

Kuhamisha magoli ni msemo unaomhusu mkubwa wa ofisi, mwajiri, mkwe au mbishi wa kijiweni anayebadilisha masharti wakati mwenzake ameshayatimiza, au yuko hatua mbili ayatimize. Umeambiwa ulete karatasi tatu, umeleta tatu, sasa zinatakiwa nne. Magazeti ya Nairobi na Dar es Salaam yameuzoea kiasi kwamba msomaji hakumbuki tena kuwa ulitoka Uingereza.

Mimi nasema Waingereza waliutunga, lakini wenye nao ni sisi.

Milingoti iliyochimbiwa

Chama cha Soka cha Uingereza kilipoandika sheria zake za kwanza mwaka 1863, goli lilikuwa nguzo mbili zilizosimama yadi 8 moja kutoka kwa nyingine, juu kukiwa wazi. Mpira ukipita katikati ya nguzo kwa kimo chochote, ni bao. Mtambaa panya ulikuja baadaye. Leo goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, na vipimo ni hivyo hivyo uwe Wembley au Stade Lumumba hapa mjini.

Kwa Mwingereza, basi, goli ni kitu kilichochimbiwa ardhini. Kulihamisha ni kichekesho, na nguvu ya msemo iko hapo: unamshtaki mtu kwa kufanya lisilofanyika. Wanasiasa na viongozi wa vyama vya wafanyakazi wa Uingereza waliupenda sana miaka ya 1980, kila upande ukiutupia upande wa pili.

Ila lisilofanyika liliwahi kufanyika. Septemba 2009, katika ligi kuu ya Sweden, kipa Mdenmark wa IFK Göteborg, Kim Christensen, alinaswa na kamera akiisukuma kwa mguu sehemu ya chini ya milingoti ili goli lipungue. Refa alikuja kugundua mechi ikiwa inaendelea, akairudisha. Christensen alikiri, tena akasema haikuwa mara ya kwanza. Hakuadhibiwa. Kisigino cha Mangobo, ila yeye alikuwa na viatu.

> Kwa Mwingereza msemo huu ni fumbo. Kwa mtoto wa Mangobo ni taarifa ya habari.

Utomvu na koti la Kifaransa

Kisangani ni mahali ambapo Kilingala kilichopanda na mto kutoka magharibi kinakutana na Kiswahili kilichoshuka kutoka mashariki na misafara ya Waungwana, enzi za Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alifanywa gavana wa Stanley Falls, yaani hapa hapa. Abiria wa toleka, ile teksi yetu ya baiskeli, huanza sentensi kwa lugha moja na kuimaliza kwa nyingine, Kifaransa kikidandia katikati.

Kwa Kilingala mpira ni ndembo. Kwa Kiswahili ni mpira. Maneno yote mawili asili yake ni utomvu, ile raba ambayo watu wa nchi hii walikatwa mikono kwa ajili yake chini ya Mfalme Leopold. Hata Kisangani ikichagua lugha ya kushangilia, neno ni lile lile la utomvu. Nalitaja hilo kwa kupita tu.

Msamiati wa Kiingereza wa soka nao ulifika hapa, ila ukiwa umevaa koti la Kifaransa. Penalti, kona, mechi, kupiga dribo: Wabelgiji walitukabidhi maneno hayo wakidhani ni yao. Kuhamisha magoli hakukuwamo katika mzigo ule. Mfaransa akilalamika hivyo husema wenzake wamebadilisha sheria mchezo ukiwa unaendelea. Ni usemi sahihi, lakini wa hakimu. Hauna jiwe, hauna kisigino.

Kiswahili cha pwani kina ndugu wa karibu zaidi: danadana. Mwananchi hupigwa danadana pale ofisi moja inapomtuma kwa nyingine, na ile nyingine inamrudisha. Watu huchanganya misemo hii miwili, nami naona tofauti yake si ndogo. Anayepigwa danadana ni mpira wenyewe, anarushwa kutoka paja hadi goti na hakuna aliyemwahidi bao. Aliyehamishiwa goli ni mchezaji. Amekimbia, amelenga, amepiga vizuri. Danadana huchosha miguu. Goli lililohamishwa huingia kichwani, ukaanza kujiuliza kama kweli ulilenga vibaya.

Kisangani kuna watu wanaoyajua yote mawili.

Siku sita, kisha miaka

Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu. Yote mawili yalikuwa ya wageni. Yalikuwa yameingia Kongo mwaka 1998 yakiwa marafiki, yakagombana hapa Agosti 1999, yakagombana tena Mei 2000, na Juni hiyo yakamaliza hasira zao juu ya paa za watu. Makombora yalipita juu ya Mto Tshopo kwa maelfu.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 inasema raia waliouawa ni kati ya 244 na 760, kutegemea chanzo. Waliojeruhiwa ni zaidi ya 1,000. Nyumba zaidi ya 400 za watu zilibomolewa, na kanisa kuu la Notre-Dame halikusalimika.

Kongo ilikuwa imeshafungua mashtaka kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, tangu Juni 1999. Tarehe 19 Desemba 2005 mahakama iliamua kuwa Uganda ilivunja sheria ya kimataifa na inapaswa kulipa fidia. Wiki chache baadaye, tarehe 3 Februari 2006, mahakama hiyo hiyo ilisema haina mamlaka ya kuisikiliza kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda.

Isome tena kama mkaaji wa wilaya ya Tshopo ambaye nyumba yake iliangukiwa na kombora. Likiwa lilipigwa na Uganda, lina mahakama. Likiwa lilipigwa na Rwanda, halina. Kombora halikuja na pasipoti. Uwanja ulikuwa na timu mbili zilizocheza rafu, na upande mmoja haukuwekewa goli kabisa.

Kiasi cha fidia kiliachiwa mazungumzo ya serikali mbili. Mazungumzo hayakuzaa kitu, na mwaka 2015 Kongo ikarudi mahakamani. Ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Tarehe 9 Februari 2022 ikapewa dola milioni 325: milioni 225 kwa ajili ya watu, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa maliasili. Majaji walikuwa wamelalamikia upungufu wa ushahidi. Ndivyo vita vilivyo. Nyumba ikiungua, hati yake huungua nayo.

Hata hivyo hukumu hiyo ilileta kitu ambacho mji haukuwahi kuwa nacho: tarehe. Dola milioni 65 kila Septemba mosi, kuanzia 2022 hadi 2026. Tarehe ni jiwe zito, si rahisi kulisukuma kwa kisigino. Uganda ikalipa awamu ya kwanza.

> Kombora halikuja na pasipoti, lakini fidia inaitaka.

Fedha zikitoka Kampala hupitia mfuko maalumu wa serikali unaofahamika kwa ufupisho wake wa Kifaransa, Frivao, ulio na makao yake hapa Kisangani. Hapa ndipo pande mbili zinapoanza kutazamana.

Wanaosimamia fidia wana hoja ambayo mtu mzima hawezi kuitupa. Mahali penye fedha waathirika huzaliwa upya. Orodha isiyohakikiwa ni karamu ya wajanja, na dola moja inayokwenda kwa asiyekuwepo Juni 2000 imetoka kwa mjane aliyekuwepo. Kuhakiki si kuhamisha goli. Ni kuweka mstari.

Waathirika nao wana hoja yao. Wamekuwa wakiandikishwa na kuandikishwa tena. Kijana aliyepoteza mguu akiwa na miaka 15 leo ameshafika miaka arobaini, na uzee ukimkuta bado ni jina katika orodha, uhakiki utakuwa umegeuka kipa. Mstari ukichorwa upya kila watu wanapoukaribia, huo si mstari tena.

Kisha ikaja habari ya gereza. Waziri wa Sheria wakati huo, Constant Mutamba, alishtakiwa kwa kufuja takriban dola milioni 19.9, fedha za mradi wa kujenga gereza jipya hapa Kisangani. Zilikuwa zimetoka katika fidia ile ya Uganda. Mutamba alikana, akasema ni njama ya kisiasa. Alijiuzulu Juni 2025, na tarehe 2 Septemba mwaka huo Mahakama ya Kasesheni mjini Kinshasa ikamhukumu miaka mitatu ya kazi ngumu.

Mahakama ilijishughulisha na jinai. Mimi, kwa makala hii, najishughulisha na swali dogo zaidi, ambalo lingebaki hata kama kila dola ingefika kwa mjenzi na risiti yake: ilikuwaje fedha za watu waliobomolewa nyumba ziwe fedha za kuta za gereza? Msemo wetu hapa unapwaya. Goli halikusogezwa hatua moja, lilipakiwa kwenye lori likapelekwa uwanja mwingine.

Kila anayefungwa hulia

Lazima niseme na upande wa pili wa msemo wenyewe, maana umeanza kutumiwa hovyo. Mwanafunzi aliyelala mwaka mzima naye anadai profesa amehamisha magoli. Mdaiwa naye anadai mwenye nyumba amehamisha magoli, eti kwa kuulizwa kodi tarehe ile ile iliyoandikwa kwenye mkataba.

Sheria kubadilika si kosa. Soka yenyewe ilibadilisha sheria mwaka 1992, kipa akazuiwa kudaka mpira aliopasiwa kwa mguu na mwenzake. Makipa walinung'unika, lakini hakuna aliyeitwa mwizi, kwa sababu timu zote ziliambiwa kabla ya filimbi na zote zilibanwa sawasawa. Ninachoangalia ni mguu: ulisukuma jiwe wakati gani, na ulikuwa wa nani?

Mahari ndiyo shule nzuri ya jambo hili. Familia ya binti ikitaja mbuzi wanne siku ya kwanza, hiyo ni bei yao, ukubali au urudi kwenu. Wanne wakishafungwa kambani uani, baba mdogo kutoka Lubunga akavuka mto akaja kuulizia koti lake, hilo ni jiwe limesogea, na kila mtu chini ya mwembe anajua. Wanacheka, lakini wanajua.

Hotuba ya Oktoba

Tarehe 23 Oktoba 2024, Rais Félix Tshisekedi alisimama mbele ya wakazi wa Kisangani akasema katiba ya nchi haifai tena. Iliandikwa na wageni, alisema, na inakwamisha kazi za serikali. Aliahidi kuunda tume mwaka uliofuata iandae katiba inayolingana na hali halisi ya Wakongo.

Katiba hiyo ilipitishwa kwa kura ya maoni Desemba 2005 na kutangazwa rasmi tarehe 18 Februari 2006. Ndani yake kuna ibara ya 220, inayokataza kugusa idadi na urefu wa mihula ya rais. Tshisekedi, aliyeshinda uchaguzi wa Desemba 2023, yuko katika muhula wa pili, na kwa katiba iliyopo ndio wa mwisho.

Wapinzani Moïse Katumbi na Martin Fayulu, pamoja na kambi ya rais mstaafu Joseph Kabila, walipinga, watu ambao kwa kawaida hawakubaliani hata kuhusu siku ya Jumapili. Walichokisikia katika hotuba ile ni kisigino juu ya jiwe.

Upande wa rais hujibu kwamba katiba si msahafu. Wananchi waliipitisha, wananchi wanaweza kuibadilisha. Tena jambo limesemwa hadharani, mchana, miaka mingi kabla ya uchaguzi ujao. Kwa kipimo changu cha wakati, hoja hiyo ina uzito, na wapinzani wanakosea wanapoipita kama haipo. Inapolegea ni kwenye swali la mguu. Anayependekeza goli lipimwe upya ndiye anayelilinda.

Mchezo huu hakuuanzisha yeye. Januari 2011, miezi kumi kabla ya uchaguzi, katiba ilirekebishwa na duru ya pili ya uchaguzi wa rais ikafutwa. Serikali ya Kabila ilisema duru mbili ni gharama na zinachochea moto, na walioikumbuka Kinshasa ya mwaka 2006, risasi zikilia kati ya duru na duru, hawakuona hoja hiyo kuwa ya kubuni. Upinzani uliona jambo moja tu: aliyehitaji zaidi ya nusu ya kura sasa hakuihitaji. Desemba 2011 Kabila alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 49.

Muhula wake ulipoisha tarehe 19 Desemba 2016, uchaguzi haukuwa umefanyika. Wakongo walikuwa na neno tayari, glissement, kuteleza. Makubaliano ya mkesha wa mwaka mpya, yaliyosimamiwa na maaskofu wa Katoliki, yaliweka uchaguzi mwishoni mwa 2017. Ukatelezeshwa hadi tarehe 23 Desemba 2018, kisha wiki moja tena hadi tarehe 30. Nalipenda neno lile kwa sababu lina ujanja wake. Goli likihamishwa kuna mhamishaji. Kitu kikiteleza, nani alaumiwe? Labda mvua.

Miaka hiyo, waliokuwa barabarani wakiitetea ibara ya 220 ni UDPS, chama cha akina Tshisekedi. Matokeo rasmi ya Januari 2019 yalimpa Tshisekedi ushindi wa asilimia 38.57. Fayulu aliyapinga. Lakini asilimia 38 ilitosha kwa sababu ya duru moja, ile ile iliyoshonwa mwaka 2011 kwa kipimo cha mguu wa Kabila.

Na leo watu wa Kabila ndio wanaoisoma ibara ya 220 kwa sauti.

> Aliyebana goli kipindi cha kwanza, kipindi cha pili analishambulia.

Mjini hapa kuna watu wanaojua kusimika mti usihame. Wagenya huchimbia magogo yao katikati ya maporomoko, kwenye mwamba, maji ya Mto Kongo yakiyapiga mchana na usiku, na wanayapanda kutega vitego vyao vya samaki. Wabunge hawajawahi kwenda kujifunza huko.

Mangobo, kabla giza halijaingia, mtoto mmoja anapiga kelele: tubadilishane! Saa hawana, ila wamekubaliana kuwa nusu imefika. Timu zinavuka, kila moja ikienda kwenye goli la mwenzake, mpira umebebwa kwapani.

Kipa wetu hakuondoka na wengine. Anainama kama anayefunga kamba za viatu, ilhali yuko peku. Anatazama kushoto, anatazama kulia. Jiwe linarudi nje hatua moja, kisha nusu hatua zaidi.